Tezi ya Ng'ombe wa Mtae

Siku mliyoniaga kwa soda na keki nilipostaafu, Neema wenu aliniomba niandike habari za kazi yetu ya zamani kabla hazijapotea. Nilicheka tu. Niliona mlivyokuwa mnanitazama, kama watu wanaotazama kabati kubwa la zamani na kujiuliza litapitaje mlangoni. Lakini masika yameingia, asubuhi sina pa kwenda, na kalamu ipo. Vyeo nitaviruka. Mishahara nayo niiache, maana hata nilipokuwa naipokea haikuwa na mengi ya kusimuliwa. Nitaandika habari za chumba kile cha mwisho, ambamo sasa mmeweka friji, na za mtu aliyenifundisha humo kazi, na za ng'ombe mmoja wa Mtae.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilipopangiwa kazi maabara ya mifugo Lushoto nilitafuta ramani ukutani shuleni kwa mjomba wangu, tukaiona Tanga, Lushoto hatukuiona. Nilishuka stendi na sanduku la bati na sweta moja jembamba. Kwetu sweta huvaliwa na mtoto mchanga au mgonjwa wa homa. Ukungu ulikuwa umefunika mikaratusi hadi nusu, na watu walikuwa wakipita na makoti yao kama hakuna jambo la ajabu linalotokea.

Chumba cha kukatia nyama kilikuwa na mtu mmoja, Mzee Shemhilu. Wakati ule hakuwa mzee kwa umri, ila kila mtu alimwita hivyo kwa sababu ya upole wake na baraghashia yake. Alivaa koti jeupe la maabara juu ya koti zito la baridi, akaonekana mnene. Alipolivua jioni nilishangaa kuona mtu mwembamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi njoo uone kichwa."

Juu ya meza kulikuwa na kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni, kimegeuzwa ubavu. Ndiyo yalikuwa mapokezi yangu. Akashika kisu kidogo, akachuna ngozi chini ya sikio taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo, akanionyesha tezi.

"Mbuzi ana tezi kubwa tatu za mate kila upande," alisema. "Hii ya chini ya sikio, hii ya chini ya taya, na ile nyembamba imejificha chini ya ulimi. Ukizijua hizi tatu chini ya hadubini, nyama nyingine yoyote ya mwili utaikata na utaielewa. Zikikushinda, mimi mwenyewe nitakuombea kazi ya ukarani."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Miezi ile ya mwanzo sikukata kitu kingine. Kila siku ya machinjo nilikwenda kuomba vichwa, mpaka wauza nyama wakanipa jina la Dada wa Vichwa. Baada ya miaka wakaniita Mama wa Vichwa, na siku moja kijana mmoja akaniita Bibi wa Vichwa. Sikuwa na mtoto wala mjukuu, kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimezeeka.

Ninyi mliokuja juzi hamkuiona kazi ile, basi niieleze kidogo. Kipande cha tezi kinalowekwa kwenye fomalini kisioze. Kisha kinapitishwa kwenye spiriti, nyepesi kwanza halafu kali, mpaka maji yote yatoke. Kinatiwa dawa ya kukitakasa, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta ikiganda unapata bonge dogo lenye nyama katikati. Bonge hilo unalifunga kwenye mashine ya kukatia, unazungusha mkono wa mashine, na kisu kinatoa utepe mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Utepe unauelekeza juu ya maji ya vuguvugu, ukijinyoosha unaupandisha kwenye kioo. Ndipo unaupaka rangi mbili, ya buluu na ya waridi. Ukikosea hatua ya kwanza utajua hatua ya mwisho, na hapo hakuna pa kurudi.

Nta ya Lushoto asubuhi ni ngumu. Baridi inaikausha, na utepe unavunjika kama chapati ya jana. Tepe zangu zilivunjika wiki baada ya wiki. Siku moja nilikaribia kulia, ingawa kwa ajili ya fomalini na madirisha tuliyoyafunga kuzuia ukungu, machozi yalikuwa yanatoka kila siku na hakuna aliyeweza kujua yapi ni yapi. Mzee Shemhilu alikuja, akainama, akalipulizia bonge la nta pumzi yake, haaa, kama mtu anayefuta kioo cha saa.

"Zungusha sasa."

Nikazungusha. Utepe ukatoka mzima, mrefu, ukijikunja kidogo mwishoni.

"Ina baridi kama wewe," alisema. "Ipashe kidogo."

Nilipoweka kioo kile chini ya hadubini nilikaa nacho mpaka wenzangu wakafunga ofisi. Tezi ya chini ya sikio imejaa vishada vidogo, na kila kishada kina seli chache zilizokizunguka kitundu, zikiwa zimejaa chembechembe za zambarau. Hizo zinatoa mate mepesi kama maji. Ya chini ya ulimi ni kinyume chake: seli zake karibu zote ni za ute, zimepauka kama povu la sabuni, na kiini cha kila seli kimesukumwa chini kikawa bapa. Ya chini ya taya imechanganya. Seli za ute ziko katikati, na seli za maji zimezikumbatia pembeni kwa umbo la mwezi mwandamo. Mzee Shemhilu aliupenda sana mwezi ule. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia kwisha, watu walipokuwa wakibishana kama mwezi umeonekana, yeye alisema kwamba ameshauona, uko kwenye taya la mbuzi.

Alinifundisha pia kuuliza tezi ni ya nani na inafanya kazi gani. Ng'ombe na mbuzi wanatoa mate ndoo na ndoo kwa siku, kwa sababu tumbo lao kubwa linahitaji kupunguzwa uchachu wakati wote. "Mate ya mtu ni ya kulowanisha tonge," alisema. "Mate ya ng'ombe ndiyo uhai wake. Kwa hiyo ukimwona ng'ombe anatiririsha mate, usikimbilie kusema tezi imeharibika. Jiulize kwanza, je, anameza?" Aliyasema maneno hayo kwa kila mwanafunzi aliyepita pale. Nimeyaandika hapa kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe aliyajua kuliko sisi sote.

Nje ya chumba kile sikuwa na mengi. Nyumba yangu ya serikali ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja sikukitumia. Sokoni wakinisalimu kwa Kishambaa, "Onga maundo," niliitika "Niwedi," na wakiendelea mbele ya hapo nilitabasamu tu. Walikuwa watu wema. Walinipa plamu za nyongeza na kunihurumia kwa kuwa mbali na kwetu, kisha wakageukiana na kuendelea na lugha yao. Mwalimu mmoja wa Tanga aliwahi kuja na wajomba zake kuniposa. Alikaa sebuleni kwangu, akavuta pumzi mara mbili tatu, akauliza harufu ile ni ya nini. Nilimwambia ni kazi. Wajomba waliahidi kurudi na jibu, na nadhani bado wanalitafuta.

Mzee Shemhilu alikuwa na mke kwao Mtae, kule juu mwisho wa milima, unakoweza kusimama ukingoni na kuiona nyika yote ya Mkomazi chini ya miguu yako. Bi Mwanahawa alibaki na shamba, yeye akapanga chumba mjini na kwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Akirudi aliniletea maharage, au matunda ya pea, au maneno: "Mke wangu anasema umekonda. Sijui amekuonea wapi." Niliwatembelea Idd kadhaa. Bi Mwanahawa aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na katika mkoa mzima wa Tanga hapakuwa na mtu mwingine wa kuniita hivyo.

Alipostaafu tulimpa redio na blanketi. Nafasi yake haikujazwa. Nilibaki peke yangu kwenye chumba kile kwa miaka mingi kuliko niliyofanya kazi naye. Wanafunzi walikuja kwa wiki chache za mafunzo, wakajifunza kuvunja utepe, wakaondoka. Kulikuwa na siku niliyofika nyumbani nikajaribu kuimba, nikagundua sauti imekwama kooni kwa sababu sikuwa nimeitumia tangu asubuhi.

Kisha alikuja yule ng'ombe.

Ilikuwa masika kama sasa. Daktari wetu wa mifugo wakati huo, Dokta Lyimo, kijana mchapakazi asiyependa makuu, aliingia akiwa na matope hadi magotini na ndoo yenye mfuniko. Barabara ya Mtae ilikuwa imekatika kwa maporomoko, sehemu nyingine amepanda pikipiki, sehemu nyingine ametembea.

"Mama Kalunde," alisema, "kaa kwanza. Huyu ni ng'ombe wa mtu unayemfahamu."

Mzee Shemhilu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, anayekula bandani. Alikuwa na mimba, kwa hiyo hakuwa anakamuliwa. Alianza kutokwa na mate. Yakamwagika mpaka yakalowesha majani, na chakula akawa anakitazama tu. Kule wanalima viazi, na kila mfugaji ameshaona ng'ombe aliyekwamwa na kiazi kooni. Mzee Shemhilu alifanya ambalo mfugaji yeyote angefanya. Alikunja mkono wa shati akaingiza mkono kooni mwa ng'ombe, akatafuta kiazi. Meno ya nyuma yakamchuna. Kiazi hakukipata. Kesho yake ng'ombe alianza kulia kwa sauti iliyokauka, miguu ya nyuma ikawa inapishana, na hapo akaelewa. Alimpigia simu Dokta Lyimo mwenyewe, akamwambia jina la ugonjwa kabla daktari hajauliza swali. Kichaa cha mbwa. Kuna mbwa asiyejulikana alikuwa amepita bondeni wiki kadhaa nyuma. Ng'ombe alikufa, na ndani ya ndoo mlikuwa na ubongo wake na tezi zake.

"Mzee amekuja?" niliuliza.

"Nimeshuka naye. Yuko hospitali anachomwa sindano ya kwanza. Nimemwambia tusingoje majibu yako."

"Umefanya vizuri."

Akaja baada ya saa moja, mkono umefungwa bandeji. Sikuwa nimemwona tangu Idd. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye stuli yake ya zamani bila kuambiwa. Dokta Lyimo akamuuliza mbele yangu, kwa sauti ya upole:

"Mzee, nani mwingine aliyemgusa huyu ng'ombe mdomoni? Nyumbani, jirani, yeyote."

"Ni mimi tu."

"Bi Mwanahawa?"

"Hajaingiza mkono. Ni mimi tu."

Tuliamini. Nani angemhoji Mzee Shemhilu kuhusu mate?

Nilikata ubongo na nikakata tezi. Sehemu nyingine ya ubongo ilitumwa kwenye maabara kubwa ili wathibitishe, lakini mimi nilikuwa na hadubini yangu. Nilivaa glavu mbili na kufunga mlango, ingawa fomalini ilikwisha kuua chochote kilichokuwa hai. Katika seli kubwa za ubongo wa nyuma, zile zenye umbo la chupa, niliona vidoa vyekundu vya duara, alama ya kichaa cha mbwa, vikiwa wazi kama punje za ulezi. Nilimwita Dokta Lyimo, akatazama, akaniachia kiti.

Mzee Shemhilu alipokuja kutoka kwenye sindano nyingine, aliomba aone. Nilimwekea ubongo. Alitazama kidogo tu, akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa barua ambayo ameshaijua.

"Sasa nipe tezi."

Nikamwekea tezi ya chini ya taya. Hapo alikaa muda mrefu. Alisogeza kioo kwa ncha za vidole kama zamani, na midomo yake ikawa inacheza, anahesabu vitu kimoyomoyo.

"Umeikata vizuri," alisema mwishoni.

"Asante, mzee."

"Haina doa. Vishada vimekaa. Mwezi wake huu hapa. Mifereji safi kabisa, mistari yake unaiona yote." Akaondoa jicho. "Ugonjwa umepita humu siku zote hizo, Kalunde, na haukuacha hata alama ya kiatu. Tezi inafanya kazi yake kama kawaida mpaka siku ya mwisho."

Ni kweli. Ilikuwa tezi nzuri kuliko zote nilizokata katika maisha yangu, na niliichukia.

Alimaliza sindano zake zote, akapanda kurudi Mtae. Nilishukuru Mungu. Nilijiambia kwamba katika kazi hii ya kuchelewa, ambamo mara nyingi tunajua sababu ya kifo baada ya mnyama kuliwa, safari hii tumewahi.

Mahindi yalikuwa yameanza kubeba pale Zainabu aliponipigia simu. Zainabu ni binti yao wa mwisho, aliyekuwa akifanya biashara ya mboga Lushoto na Tanga. Tulifahamiana kwa salamu tu. Alisema mama yake amelazwa. Alisema mkono unamwasha, halafu homa, na tangu asubuhi wakimpa kikombe cha maji koo linakaza na anakisukuma.

Nilikata simu. Nilitoka ofisini na koti jeupe nikatembea hadi hospitali.

Hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa kwenye benchi la korido pamoja na Mzee Shemhilu. Zainabu ndiye aliyekuwa ndani. Nilisikia sauti ya Bi Mwanahawa mara moja, akizungumza Kishambaa haraka haraka, sauti ya mtu anayetoa maagizo. Mzee Shemhilu alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, viganja juu, na hakuitikia salamu ya mtu yeyote. Bi Mwanahawa alifariki kabla ya juma kwisha. Mliosomea mambo haya mnajua kwamba dalili zikishaanza, hakuna kinachobaki ila kumfunika mtu na kumwombea.

Baada ya arobaini nilikwenda Mtae. Barabara ilikuwa imetengenezwa. Nilimkuta ukingoni mwa shamba, amekaa juu ya gogo akitazama nyika. Banda la ng'ombe alikuwa amelibomoa na mbao zimepangwa vizuri ubavuni mwa nyumba. Nilikaa kando yake. Tulitazama vumbi la gari moja likikimbia chini kule, dogo kama moshi wa sigara.

"Alikuwa anamfuta," alisema.

Nilimgeukia.

"Ng'ombe. Alikuwa anamfuta mate kwa kitambaa, asubuhi na jioni, anamwonea huruma kwa sababu ana mimba. Kisha anakwenda kukifua kile kitambaa. Nilimwona. Nilipita na ndoo ya maji nikamwona, nikamwambia, 'Mfute na puani.'" Akakohoa. "Yule daktari aliponiuliza, nilikumbuka mkono wangu. Mkono wangu ulikuwa na damu. Mwanahawa alikuwa anaosha karoti mtoni kila siku ya soko, vidole vyake vilikuwa vimepasuka kila kiungo. Miaka yote nimelala na mikono ile. Niliangalia mikono yangu, Kalunde. Yake sikuiangalia."

Nilimshika kiwiko. Baadaye akasema jua limeshuka, nitachelewa gari, na akanisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mfuko wa viazi alionipa. Hakuniambia nisiseme. Hakuwa na haja.

Niliendelea kwenda kila mwaka, mara mbili, mara tatu. Alikuwa akiniuliza habari za ofisi: nani amehamishwa, kama bomba la maji limekarabatiwa, mashine ya kukatia inanolewa na nani. Habari za tezi hakuuliza tena. Wakati mwingine Zainabu alikuwepo, amehamia pale kumtunza. Aliweka chai, akakaa na sisi, na sote watatu tukazungumzia bei ya kabichi. Nilimwona anavyomtazama baba yake, nikafikiri: binti huyu hajui. Nikawa mwangalifu na maneno yangu. Kwa hiyo hata kule, kwenye nyumba pekee niliyokuwa naifikia kama mgeni wa mtu fulani, nilikaa nikiwa nimebana kitu kifuani, na nikarudi Lushoto nimechoka kuliko nilivyokwenda.

Miaka yangu ya mwisho mnaijua. Zikaja mashine zenu ndogo zinazotoa jibu kwa tone la damu, na zinalitoa mapema. Sitazisema vibaya. Laiti zingekuwepo. Mashine ya kukatia ilifunikwa nailoni, nami nikawa wa kupokea sampuli na kuandika majina ya vijiji. Kisha soda na keki.

Mwezi haukuwa umekwisha tangu siku ile ya keki nilipokwenda sokoni, na muuza nyama mmoja akaniita kutoka mbali.

"Bibi wa Vichwa! Pole. Yule mzee wenu wa zamani, wa Mtae, si amefariki jana?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nikaitoa nikaitazama. Hakuna aliyepiga. Sikumlaumu mtu. Katika msiba watu wanawapigia ndugu, na mimi hakuna mahali nilipoandikwa.

Nilifika Mtae wanaume wakiwa wanatoka na jeneza, nikasimama kando ya njia mpaka wakapita. Wanawake walikuwa wamejaa ndani na wengine barazani. Waliokuwa wakiingia walilia kwa majina: baba, mjomba, kaka, babu. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu na mlango alinipokea mkono.

"Pole, mama. Wewe ni nani wake?"

"Nilifanya naye kazi."

"Aa. Umetoka ofisini. Ahsanteni kwa kuja."

Akatazama nyuma yangu kuona wenzangu wako wapi. Nikakaa mwisho wa mkeka wa barazani, miguu nje, na upepo wa nyika ukawa unapanda na kunipiga mgongoni. Nilitaka kulia na sikujua nilie nikimwita nani.

Zainabu alinikuta pale wanaume walipokwisha kurudi na kula. Uso wake ulikuwa umevimba. Alikaa kando yangu, karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Mama Kalunde, nikuulize kitu. Baba kuna jambo alikuwa halisemi. Tangu mama afe. Wewe alikuambia?"

Niliutazama mkeka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kukataa, na sasa aliyekuwa akilindwa ametoka mlangoni amebebwa. Nikamwambia. Kitambaa, ndoo ya maji, vidole vilivyopasuka. Nilimwambia kwa maneno ya baba yake mwenyewe, sikuongeza wala sikupunguza. Nilipomaliza sikuthubutu kumwangalia.

"Nilijua," Zainabu alisema.

"Nani alikuambia?"

"Mama. Pale hospitali, wakati bado anaweza kusema. Aliniambia, 'Baba yako aliniona nikimfuta, na atakuja kukumbuka. Usimwonyeshe kwamba unajua, ataona haya mbele yako.' Basi sikumwonyesha. Nimempikia miaka yote nikingoja aniambie mwenyewe, nimwambie kwamba mama hakuwa na kinyongo." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Hakuniambia. Juzi usiku alinishika mkono nikadhani anasema sasa. Akauliza kama kuku wamefungiwa."

Kumbe tulikuwa tumekaa watatu pale, mwaka baada ya mwaka, tunapuliza chai na kutaja bei ya kabichi, na kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile.

Zainabu alisimama, akanipa mkono kuninyanyua, kwa sababu magoti yangu siku hizi hayanisikilizi. Ndani palikuwa pamejaa. Yule mama wa mlangoni alinyanyua uso, akatutazama, akamuuliza kwa Kishambaa kuhusu mimi kitu ambacho, baada ya miaka yote hii, nilikielewa bila kutafsiriwa. Zainabu hakumjibu alichouliza.

"Shangazi, sogea kidogo," alimwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Huyu anakaa na sisi mpaka tumalize matanga."

Yule mama akasogea.